Moto wa Mashavu na Kikombe cha Mkalala

Sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, hebu acha kwanza, hadithi hii inataka masikio. Mwisho wake mimi siujui, mtanipa ninyi.

Zamani, eropleni zilipokuwa za mbao na turubai, palikuwa na wanawake watatu. Siwatu alikuwa rubani. Nyamizi alikuwa fundi, injini ikikohoa anajua inaumwa wapi. Mashavu, dada yake Siwatu, hakupanda eropleni hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuwasha moto wa majani mabichi uwanjani Mkalala, ili aliye juu aone moshi na kujua upepo unavumia wapi.

Kikatangazwa kikombe cha mwanamke wa kwanza kuruka kutoka pwani mpaka Mkalala bila kutua njiani. Wanaume wakacheka, "Hao watarudi kwa miguu!"

"Chekeni tu," Siwatu akasema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tumeshainama."

Wakaruka, Siwatu kiti cha mbele, Nyamizi cha nyuma. Katikati ya safari ndege korongo akagonga kioo, kikapasuka, na kipande kikamwingia Siwatu kifuani. Akajua hafiki. Akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaufunga usukani uelekee Mkalala sawasawa. Akasema, "Nyamizi, mwenzangu, usiniache njiani." Kichwa kikaanguka. Jamani, kifo hicho!

Pampu ya mafuta nayo ikafa, ikabaki ile ya mkono. Nyamizi akiiacha kidogo tu, injini inazima. Akaisukuma kwa mikono miwili, huku analia, mpaka ngozi ya viganja ikabanduka. Vidole vyake havikunyooka tena.

Huko Mkalala mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, wingu limeshuka hadi kwenye mapaa, kuni zote chapachapa. Mashavu akasikia mngurumo. Akaingia nyumbani kwake, kando ya uwanja, akatia moto makuti ya dari, kitanda, nguo, kila kitu. Jirani akamshika mkono, "Una wazimu? Nyumba yako!"

"Nyumba nitajenga. Dada ninaye mmoja."

Nyamizi akauona moto kupitia tundu la wingu. Akasahau kuwa mwenzake amekufa, akapiga kelele, "Siwatu, moto wa Mashavu ule!"

Kanga ikafunguka. Pua ya eropleni ikainama, ikazunguka mara moja, ikaelekea upepo, ikatua polepole, vile vile alivyozoea kutua Siwatu.

Watu walimkuta Siwatu amekauka, mwili wa baridi, vidole vimeushika usukani.

"Ni nani aliyeiteremsha?" aliyekitoa kikombe akauliza.

"Wallahi si mimi," Nyamizi akasema. "Mikono yangu ilikuwa kwenye pampu. Mpeni Siwatu."

Mashavu akasema, "Bila mikono hiyo wangeanguka porini. Mpeni Nyamizi."

Watu wakanong'ona, "Na bila nyumba ya Mashavu, nani angeuona uwanja?" Lakini kikombe kilikuwa na nafasi ya jina moja tu.

Sasa sikieni. Kwa desturi ya Mkalala, maiti hafukiwi kabla ya kutajwa alichomaliza duniani, ndipo alale. Siwatu alifukiwa kimya, kwa sababu watu walikuwa bado wanabishana. Tangu hapo, wingu likishuka, mngurumo huzunguka juu ya uwanja na hautui. Mashavu huwasha moto wake, hulia, humwita. Mngurumo hautui.

Kuna wanaosema Siwatu apewe kikombe, apumzike. Wengine wanaogopa: maiti akisifiwa kwa kuendesha eropleni, si ataendelea kuziendesha, na za watu wengine pia? Lakini akiandikwa aliye hai, mwenzetu yule atazunguka huko hadi lini?

Kikombe kipo, hakina jina. Nanyi mmeona tangu asubuhi wingu lilivyoshuka. Haya, wewe uliyejificha nyuma, ungeandika jina la nani? Sema kwa sauti, asikie na aliye juu.