Kiti cha Karibu na Jiwe

Mtu mmoja alikuwa na ubao wa kupandia mawimbi, na alikuwa amekwisha jua kusimama juu yake. Jina lake Vuai. Alijifunzia kwenye mchanga, ambako mtu akianguka hujikung'uta akacheka. Mgeni si mgeni tena, na fundi hajawa; na hapo katikati, jamani, ndipo mtu anapojiona mkubwa kuliko bahari.

Siku moja akahamia kwenye rasi ya mawe. Huko wimbi huanza kuvunjika kwenye jiwe kubwa la nchani, kisha likakimbia kandokando ya pwani hadi mchangani. Wenyewe wana desturi yao: hukaa majini kwa safu, na aliye karibu zaidi na jiwe ndiye mwenye wimbi. Wengine humpisha. Vuai alipoisikia desturi hiyo hakuuliza la pili. Akawapita wote, akaenda kukaa ubavuni mwa jiwe, mahali ambapo hata mafundi hawakai.

"Mpisheni mheshimiwa," wakasema wakicheka. "Kiti amekipata."

Likaja wimbi. Nikisema lilikuwa refu kama mnara wa msikiti mtaniita mwongo. Haya, nawapunguzia, liwe kama mnazi. Wote wakampisha. Vuai akasimama, na kabla hajageuza ubao, wimbi likamvunjikia na kumtupa kwenye mawe. Alipoibuka goti lilikuwa linavuja damu, na pwani aliiona pale pale, karibu kama mlango wa nyumba yake. Kila kiungo kikamwambia: pwani. Lakini katikati palikuwa na mawe makali kama shoka, na nyuma yake wimbi la pili lilikuwa linainuka.

Mkewe, Mize, alikuwa amesimama juu ya rasi, anayaona mawe na wimbi kwa pamoja. Mwanamke huyu siku zote kazi yake ilikuwa kumwita atoke majini, chakula kinapoa. Siku hiyo akapaza sauti:

"Baba Rukia, pwani utakufa. Rudi baharini."

Vuai kwanza alidhani amechokwa. Ila sauti ile hakuwahi kuisikia ikitetemeka. Akaipa pwani kisogo, akalala juu ya ubao, akayachota maji kwa mikono miwili hadi akalivuka wimbi la pili kabla halijavunjika. Kilindini palikuwa shwari. Akaizunguka safu nzima taratibu, akatokea mbali, mchangani, akalala kifudifudi akiukumbatia mchanga kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Mize akamfunika kanga, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Vuai naye akacheka.

Tangu hapo hukaa katikati ya safu. Mawimbi anapata machache, na kila moja humfikisha mchangani.

Basi wewe unayegombea kiti cha karibu na jiwe: siku ukitupwa, yupo akupendaye kiasi cha kukuambia urudi kilindini, na wewe ukamsikia?