Waraka wa Lwitiko

"Kinywa huugua, waraka hauugui." Mmeisikia leo kwa mkuu wa kitengo chenu, mkacheka, mkaniuliza ni nani aliyeugua. Aliyeugua ni Lwitiko Mwakalobo, na methali yenyewe ilizaliwa sebuleni kwake, saa nne asubuhi, siku ya Jumanne.

Lwitiko ndiye aliyetengeneza mfumo wa benki ya damu. Kompyuta ya hospitali inauliza kama damu ya kundi fulani ipo. Kompyuta ya benki inajibu na kutoa namba ya ombi. Hospitali zilikuwa kumi na tisa, na mtaalamu wa kila hospitali alikuwa na njia moja tu ya kujua swali linaulizwaje: kumpigia Lwitiko. Hakikuandikwa kitu. Naye alipenda iwe hivyo. Alieleza taratibu, akarudia, akamaliza kwa kuuliza habari za watoto.

Mwaka wa tatu sauti yake ilianza kukwaruza. Daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti, akaviondoa, akatoa amri: siku kumi na nne bila neno, hata mnong'ono. Akikaidi, sauti huenda isirudi. Mkewe Anyosisye, fundi cherehani, alimnunulia kibao na chaki.

Siku ya nne simu ililia. Alikuwa Gwakisa, mtaalamu wa hospitali mpya ya bondeni. Anyosisye alipokea, akafungua spika ili mumewe asikie.

"Shemeji, shikamoo. Yupo kaka? Tuna mzazi chumba cha upasuaji, damu haikatiki. Mfumo unasema O hasi hakuna. Ni kweli hakuna?"

Lwitiko alielewa papo hapo. Damu ilikuwepo. Wiki mbili nyuma benki ilikuwa imefungua ghala la pili, karibu na bonde, na tangu hapo kila swali lilitakiwa litaje ghala. Lisipotaja, mfumo ulitafuta katika ghala la zamani peke yake, kisha ukajibu bila wasiwasi kwamba hakuna. Habari hiyo alikuwa akiwapa wataalamu kwa simu, mmoja mmoja. Sauti ilikatika kabla hajamfikia Gwakisa.

Aliandika, mkewe akasoma. "Anasema ipo. Ghala la pili."

"Ghala halitoi chupa bila namba ya ombi, shemeji. Niulizeje?"

"Anasema taja ghala."

"Nilitaje wapi? Kwa jina au kwa namba?"

Anyosisye akamgeukia mumewe. "Baba Tuntufye, kwa jina au kwa namba?"

Lwitiko alifuta kwa kiganja, akaandika tena. Chaki ikavunjika.

"Kwa namba, baada ya kundi la damu. Namba yenyewe ni… hii ni nne au tisa? Mume wangu, mwandiko gani huu, kama kuku kapita!"

"Shemeji, mzazi anatuponyoka!"

Lwitiko alifumbua kinywa. Anyosisye akakiziba kwa kiganja. "Thubutu! Nilikuuguza ili uje uharibu leo?"

Basi Lwitiko akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara tisa, na kuku wa uani wakanyamaza.

"Tisa!" Gwakisa alipiga kelele. "Nimesikia, kaka. Tisa." Vitufe vikasikika vikibonyezwa. "Imekubali. Namba ya ombi hii hapa. Gari linatoka."

Tangu mfumo ulipoulizwa mara ya kwanza zilikuwa zimepita dakika ishirini na mbili. Mama yule alipona, na mtoto pia; lakini daktari wa bondeni alisema wazi kwamba dakika ishirini na mbili nyingine asingekuwa nazo.

Anyosisye alipangusa vumbi la chaki kwenye gauni lake. "Yule kijana angekuwa na mahali pa kusoma, asingehitaji koo lako. Kinywa huugua, baba Tuntufye. Waraka hauugui."

Lwitiko akaandika kwa herufi ndogo: "Nikishaandika, nani atanipigia?"

Mkewe alilisoma swali mara mbili. Alimpa chaki nyingine.

Siku kumi zilizobaki Lwitiko alizitumia kwenye kompyuta. Aliandika kila swali ambalo mfumo unalipokea, linachopaswa kuwa nacho, na kila jibu linaloweza kurudi, likiwemo la makosa. Aliandika kwa muundo mmoja unaotumiwa na watengenezaji wa mifumo kila mahali, ambao mtu anausoma na mashine nayo inausoma. Kompyuta ya hospitali ikishausoma waraka huo, yenyewe ilizuia swali lisilotaja ghala, na kutaja kasoro. Kubahatisha kukaisha.

Sauti ilirudi, nyembamba kidogo. Wiki ya kwanza kazini simu haikulia hata mara moja. Wenzake walimwona akiikagua kama ina chaji. Alhamisi ikalia.

"Gwakisa! Sema, umekwama wapi?"

"Sijakwama, kaka. Waraka tumeusoma, na mashine imeusoma. Nimepiga nisikie kama sauti imerudi. Halafu yule mama wa siku ile ameuliza jina la mgonga meza. Mtoto bado hajapewa jina."

Lwitiko aligonga meza mara tisa, ingawa safari hii koo lake lilikuwa zima.

Ndiyo maana hapa hakuna mfumo unaofunguliwa bila waraka wake. Tunawapenda wenye vinywa, tunataka wazungumze mambo mengine. Kinywa huugua, waraka hauugui.