Ukuta Uliojibu Hodi

Leteni masikio, wajukuu! Mmeyaleta? Haya, yafungueni.

Palikuwa na nyumba ya duara isiyo na mlango wala dirisha. Ukuta wake ulifumwa kwa nyuzi laini, na kila uzi ulikuwa na sikio. Ndani aliishi Mwana Yai, peke yake. Asipopata mgeni kabla ya jua kuzama, angeyeyuka kama chumvi.

Wakaja ndugu wengi kama siafu, kila mmoja na mkia wake na kofia yake. Wa kwanza akaupiga ukuta kichwa. Ukuta kimya. Wa pili akajisifu mpaka sauti ikamkauka. Ukuta kimya. Wa tatu akaushika taratibu, akasema, "Hodi, wenyewe."

"Karibu," nyuzi zikaitikia. "Ila humu haingii mtu na kofia."

Akaivua. Kofia ikapasuka, ikamwaga maji ya uchawi, nyuzi zikalegea, naye akapenya.

Wenziwe wakakimbilia palepale. "Hodi! Hodi! Hodi!" Wapi! Mwana Yai alikwisha kuukata ukuta masikio yote, nao ukawa mgumu kama jiwe.

Nini, Zuwena? Mbona unanikatiza?

"Bibi, kwa nini aliyakata? Na wale wengine wamebisha hodi vizuri."

Angeingia mgeni wa pili, nyumba ingebomoka.

"Na wale wawili wa ndani?"

Wakawa mtu mmoja. Akakaa tumboni mwa mamake akakua, na leo amenikalia mapajani, hachoki kuuliza.