Magongo ya Eliwaza

"Mdogo si kimo, shahidi ni futi." Mmeisikia kwa fundi mkacheka, sasa mnanijia mimi mbio, Bibi, imetoka wapi? Haya, kaeni, na huyo anayetafuna muwa aache kwanza. Chanzo chake ni hiki.

Hapa kwetu Upareni palikuwa na seremala, Mzee Mrutu. Mikono yake ilikuwa na baraka, lakini mdomo! Alijua maneno machache ya Kiingereza, na hayo machache hakuyapa likizo.

Basi binti mmoja, Eliwaza, akavunjika mguu wiki mbili kabla ya harusi yake. Watu wakasema atabebwa kwa machela. Eliwaza akaapa, "Kanisani naingia kwa miguu yangu. Sibebwi kama mzigo wa kuni!"

Daktari wa zahanati, Mwingereza, akamwita Mrutu atengeneze magongo ya kutembelea. Akamwambia ni ya "litili sista" wa Nakijwa, muuguzi wake. Mrutu akadakia, "Yesi, yesi, litili!" Neno alilijua: dogo. Kuuliza zaidi akaona haya, asije akaonekana hajui. Akaenda zake akakata mbao.

Asubuhi ya harusi akayaleta. Eliwaza akayashika, akainama kama anayetafuta sindano. Yalimfika kiunoni tu. Maskini, akaangua kilio na shela lake kichwani.

"Mzee, umempimia nani haya?" Nakijwa akauliza.

"Daktari alisema litili!"

"Jamani! Alisema mdogo wangu. Huyu nimemlea mgongoni, lakini leo ananipita kichwa kizima."

Mrutu akajishika kichwa. "Kumbe mdogo wako! Angesema Kiswahili ningekuja na futi. Nimewaaibisha, wanangu. Nisameheni."

Lakini gongo fupi halirefuki, na kengele ilikwisha kulia. Nakijwa akamsogelea mdogo wake, akaingiza bega chini ya kwapa lake. Likaenea sawasawa. Wakaenda hatua kwa hatua mpaka madhabahuni, Eliwaza kichwa juu, wala hakubebwa na mtu. Nikikumbuka hapo machozi hunilenga hata sasa.

Tangu siku hiyo, ukimwagiza Mrutu kitu kidogo au kikubwa, iwe kwa Kiingereza au kwa Kipare, alikusimamisha kwanza akupime, huku akisema mbele za watu bila haya:

"Mdogo si kimo, shahidi ni futi."