Unga Mkavu wa Zumbe

Siku ile uwanjani walikuwepo hawa. Alikuwepo Zumbe mwenyewe, ndilo jina la chifu kule milimani Usambara, mtawala wa Kwemhafa, aliyeitwa Shekalaghe. Alikuwepo mkewe, Mamkalaghe. Alikuwepo Shechambo, mzee wa kuita majina, ambaye macho yalikuwa yamekwisha lakini sauti ilikuwa bado kali. Alikuwepo Yohana Mntambo, mganguzi wa zahanati, mfunga vidonda ambaye watu walimwita Dresa. Alikuwepo Kilua, Mzigua, mtani wa Zumbe. Na walikuwepo washukiwa watatu: Mdoe mlinzi wa lango, Ngoda mrina asali, na Kihiyo, mpwa wa Zumbe.

Mmoja hakuwepo, na jina lake lilikuwa limekatazwa.

Majina haya yana maelezo yake. Milimani kule baba huitwa kwa jina la mwanawe. Shekalaghe ni baba yake Kalaghe, na Mamkalaghe ni mama yake Kalaghe. Lakini Kalaghe alikuwa mtoto wa pili. Kabla yake alizaliwa Hoza, na kwa miaka mingi Zumbe aliitwa Shehoza, na mkewe Mamhoza. Siku Hoza alipofukuzwa, Zumbe alitoa amri: "Jina hilo lisitajwe tena katika nchi yangu. Mimi ni Shekalaghe."

Watu wakatii. Hata mama yake Hoza akatii. Mtu akijisahau akamwita Mamhoza, alikuwa anainama na kujifanya anaokota kitu.

Kesi ya siku ile ilikuwa ya fimbo. Fimbo ya mpingo ya utawala, ambayo Zumbe aliirithi kwa baba yake, haikuonekana. Watatu wale ndio walioingia nyumbani siku ilipopotea. Ikaamriwa walishwe unga.

Kiapo cha unga kilikuwa cha tangu mababu. Mshukiwa alipewa konzi ya unga mkavu wa mahindi, akautafuna bila maji, kisha akautema juu ya jani la mgomba. Ukitoka umelowa na kushikamana, mtu huyo hana hatia. Ukitoka mkavu kama ulivyoingia, huyo ndiye mwizi. Hakupigwa wala hakufungwa. Alionyeshwa njia ya kuteremkia bondeni, akaambiwa asirudi.

Kiapo kilikuwa na masharti mawili. Kwanza, majina ya wote wanaohusika yaitwe kwa sauti. Pili, Zumbe atafune kabla ya wengine, ili mtu asije akasema unga umetiwa dawa.

Shechambo alisimama, akashika mkongojo wake, akaanza.

"Zumbe!"

"Nipo."

"Mdoe!"

"Nipo."

"Ngoda!"

"Nipo, na njaa ninayo. Huo unga uleteni upesi."

Watu wakacheka.

"Kihiyo!"

"Nipo, mzee."

"Hoza mwana wa Shehoza!"

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyeitika.

Mzee wa watu hakukusudia ubaya. Alikuwa ameita majina maisha yake yote, na ulimi wake ulifuata njia uliyoizoea, kama ng'ombe anayerudi kwenye zizi lililokwisha kuhamishwa. Hoza na Kihiyo walikuwa rika moja. Katika uwanja ule, jina la mmoja lilifuata la mwenzake tangu walipokuwa wadogo.

Zumbe alijikuta anatazama langoni. Lango lilikuwa wazi, na halikuwa na mtu.

"Nisamehe, Zumbe," alisema Shechambo. "Ulimi umeteleza."

"Endelea na kazi," alijibu Zumbe.

Aliiamuru sauti yake itulie, ikatulia. Aliuamuru uso wake usibadilike, haukubadilika. Aliuamuru mkono uchukue unga, ukachukua. Akautia kinywani, akatafuna, akangoja mate.

Mate hayakuja.

Alitafuna tena. Unga ulimganda kwenye kaakaa kama udongo wa ukutani. Alihisi moyo ukimgonga kifuani, na viganja vyake vimelowa jasho, ingawa kinywa kilikuwa kikavu. Alipoona hana la kufanya, aliinama juu ya jani la mgomba akatema. Likatoka vumbi. Upepo mdogo ukapita, ukalipeperusha lote mbele ya macho ya watu.

Kisha Kilua akapiga kofi pajani.

"Haya, kesi imekwisha! Zumbe, warudishie watu fimbo yao!"

Ngoda aliangua kicheko, akakimeza.

"Kilua, hebu nyamaza," alisema Mamkalaghe.

"Ninyamaze vipi, mama? Mtani hanyamazi hata matangani. Mwizi ni huyu hapa, ametema vumbi. Tumwonyesheni njia ya bondeni!"

Zumbe hakukasirika. Alikuwa hamsikii tena. Alikuwa anatazama lile jani tupu na kuwaza jambo moja: hakuiba fimbo yake mwenyewe. Hilo alilijua kama anavyojua jina lake. Na bado unga ulikuwa umetoka mkavu.

Ndipo ile siku nyingine ilipomrudia. Iliyopotea ilikuwa pembe ya baragumu. Hoza alisimama pale pale, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota. Zumbe alitafuna wa kwanza, na unga wake ukatoka laini kama uji wa mtoto. Kisha akatafuna Hoza, macho yake yote yako usoni kwa baba yake. Ukatoka mkavu.

"Baba, sikuichukua."

"Unga umesema."

"Unga umesema, baba. Na wewe unasemaje?"

Zumbe alinyoosha mkono kuelekea njia ya bondeni.

Pembe ile haijapatikana hadi leo.

Kiapo cha fimbo kikaahirishwa. Watu walitawanyika wakinong'ona. Zumbe alimwashiria Dresa abaki.

"Yohana," alisema, "wewe umesomea miili ya watu. Nimekiamuru kinywa changu kitoe mate, kimekataa. Nani amekifunga?"

"Zumbe, kinywa hakipokei amri yako katika jambo hilo. Wala moyo. Wala tumbo."

"Mwili ni wangu."

"Ni wako. Lakini ulipokuwa usingizini, nani aliuambia moyo uendelee kupiga? Nani alisimamia chakula tumboni?"

Dresa aliketi kwenye kigoda, akaeleza polepole, kama alivyofundishwa.

"Mwilini mna mishipa ya fahamu isiyongoja amri ya mwenyewe. Inatoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, inafika kwenye moyo, mapafu, tumbo, kibofu, tezi za mate, hata mboni ya jicho. Imegawanyika makundi mawili, kama walinzi wawili wa boma moja. Mmoja ni wa hatari. Huyo akishtuka, huupiga moyo mbio, hutanua njia za pumzi, hufungua mboni, hutoa jasho, hupeleka damu miguuni ili mtu apigane au akimbie. Wakati huo huo hufunga jiko. Tumbo hupunguza kazi na mate hukauka, kwa maana mtu anayekimbizwa na chui hana haja ya kula."

"Na wa pili?"

"Wa pili ni wa amani. Hatari ikipita, yeye huutuliza moyo, hufungulia mate, huliamsha tumbo. Wote wawili wako kazini mchana na usiku, huyu akikaza, yule akilegeza. Hukuwaajiri wewe, Zumbe, na huwezi kuwafukuza."

"Huyo wa hatari anamtambuaje mwizi?"

"Hamtambui. Mwizi aliyezoea wizi hutafuna unga kama yuko harusini. Asiye na hatia akitetemeka, hukauka. Unga haujui wizi, Zumbe. Unajua hofu peke yake."

"Mimi leo sikuwa na hofu."

Dresa aliangalia miguu yake. "Hayo ya zamani mimi sikuwepo. Ninachojua ni kwamba lilipoitwa lile jina, ulitazama langoni. Mlinzi yule hatofautishi sana, Zumbe. Mtu akiogopa, moyo humwenda mbio. Mtu akitumaini ghafla, humwenda mbio vile vile."

Zumbe aliinuka bila kuaga. Alimkuta mkewe uani akichambua maharage kwenye ungo.

"Mamhoza," alimwita.

Mama yule aliinama kuokota kitu, kama ilivyokuwa desturi yake. Mkono wake ukasimama kabla haujafika chini.

"Umeniitaje?"

"Mamhoza. Niitie Kilua."

Ungo ulimponyoka, na maharage yakatapakaa ua mzima. Hakuna aliyeyaokota siku ile.

Kilua alipewa safari ya kwenda bondeni, kwenye mashamba ya mkonge, maana huko ndiko vijana wa milimani walikokwenda kukata mkonge.

"Muulizie Hoza mwana wa Shehoza," alisema Zumbe. "Ukimpata, mwambie baba yake ametafuna unga."

"Hayo tu?"

"Ataelewa."

"Na nikimkuta ameoa Mzigua, shauri lako. Ng'ombe wa mahari nitawadai mimi, na wale wembamba siwataki."

"Nenda, mwehu wewe," alisema Zumbe, na sauti yake, ambayo siku zote ilimtii, ilimkatikia njiani.

Fimbo ilipatikana wiki ile ile. Ilikuwa imeegemezwa kwenye mlango wa ghala ili mbuzi wasiingie. Mamhoza ndiye aliyeiweka, akasahau. Watu walicheka, na Ngoda alidai konzi yake ya unga kwa sababu aliahidiwa. Zumbe alitabasamu kidogo, akarudi kuketi mahali pake papya, kwenye kigoda kinachotazama lango.

Alikaa hapo kila siku. Mbwa akibweka, moyo wake ulimruka. Ukitokea mwavuli kwenye kona ya njia, pumzi yake ilibana, ikaachia alipoona ni mwanamke anayerudi sokoni. Zamani angejikaripia. Sasa alimwacha mlinzi yule afanye kazi yake. Alikuwa ametambua kwamba miaka yote ile, wakati yeye akisema hana mtoto wa jina hilo, mlinzi alikuwa akimngojea Hoza bila kuchoka na bila kuomba ruhusa.

Kula kulimshinda. Aliletewa ndizi, akazirudisha. Aliletewa maziwa, akayaonja tu.

Siku moja Mamhoza alipika makande. Hakuyapika kwa ajili ya mtu. Mikono yake tu ilikuwa na hamu. Harufu ya mahindi na maharage yaliyoiva pamoja ilipotoka jikoni, Zumbe alimkumbuka Hoza angali mdogo, ameketi baina ya magoti yake wakila sahani moja. Mtoto alikuwa anachagua maharage yote na kumwachia baba mahindi. Akiulizwa, alisema, "Baba, wewe una meno mengi."

Zumbe alimeza mate. Kinywa kilikuwa kimejaa.

"Mamhoza!" aliita. "Mate yamerudi!"

Mkewe alitokeza mlangoni, mwiko mkononi. "Basi njoo ule."

"Weka. Nitakula naye."

Makande yakafunikwa. Kesho yake yakapashwa moto, yakafunikwa tena.

Kilua alirudi mchana, jua liko utosini. Mdoe alimwona tangu mbali akipanda mlima peke yake, mwendo wa mtu aliyebeba mzigo, ingawa mikononi hakuwa na kitu. Alipofika langoni, Mdoe alijiandaa kutukanwa, kwa kuwa Kilua hakuwahi kupita pale bila kumwuliza kama lango linamlinda yeye au yeye analilinda lango. Safari hii alipita kimya.

Alifika mbele ya Zumbe, akaketi chini, akavua kofia.

Zumbe alimtazama. Moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu hata nguo kifuani ilitikisika. Alijaribu kulowesha midomo, ulimi ukawa mkavu.

"Kilua," alisema, "ng'ombe wa mahari wangapi?"

Kilua aliizungusha kofia mikononi.

"Basi nitanie," alisema Zumbe. "Wewe si mtani wangu? Nitanie kidogo."

Kilua hakutania.

Hoza mwana wa Shehoza alikufa kwa homa huko bondeni, mvua za kwanza baada ya kufukuzwa, akazikwa huko huko.

Funzo: Kinywa kikavu kinathibitisha hofu, hakithibitishi hatia, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa mwili wake kutetemeka mbele yako. Na ikiwa umeukataza ulimi wako kumtaja mtu, jua kwamba moyo haukuwahi kuisikia amri hiyo. Mwite angali anaweza kuitika. Ukimaliza kusoma, mfikishie hadithi hii yule unayemjua ambaye mlango wake kaufunga huku macho yakiwa njiani.