Kamba Isiyoua na Mguu wa Tusekile

Kati ya waya wa chuma na kamba ya plastiki, kipi kinaua? Jibuni haraka, ninyi mnaojua kila kitu! Mmeshajibu? Haya, kaeni na majibu yenu mfukoni, maana kijiji kizima cha Lukasya kilijibu haraka hivyo hivyo, na jibu lao lilikuwa sahihi, na mtu akavunjika.

Hapo zamani, wala si zamani za babu wa babu, ni masika yaliyopita tu viazi vikichipua, palikuwa na barabara ya kupanda Lukasya. Kuiita barabara ni kuipa cheo. Ilichongwa, ikamwagiwa kifusi, ikazinduliwa kwa ngoma na soda, ila mtaro wa pembeni haukuchimbwa. Basi maji ya mlima, yalipokosa pa kupita, yakapita barabarani. Yakishiba barabara, yanaingia mashambani. Na shamba la kwanza kukutana nayo lilikuwa la Tusekile.

Tusekile alikuwa mjane na mkulima wa viazi; mwenyekiti wa kijiji akimwona anaingia mkutanoni huanza kutafuta miwani ambayo hana. Kila mvua ilimlia tuta. Akilala anayasikia maji yakila. Akiamka anakuta yamekula. Akiuliza, anaambiwa, "Mama, vuta subira, barabara bado haijapokelewa." Haijapokelewa! Kana kwamba ni posa.

Kwenye tope hilo alikuwepo mtu mmoja aliyepata ajira, jina lake Ambakisye. Alikuwa na digrii ya uongozi wa biashara, with honours kabisa, na biashara pekee aliyowahi kuiongoza ni gari kuukuu la marehemu baba yake, lenye winchi ya kuvutia magari puani. Gari la mtu likizama, Ambakisye anasimama juu ya mlima, anateremsha waya, anavuta. Ndiyo maendeleo hayo: vyeti sandukuni, mwenye vyeti topeni.

Waya ulikuwa wa chuma. Na waya wa chuma ukikatika hauanguki, unaruka. Unarudi kama kiboko na hauulizi wewe ni mtoto wa nani. Kwa hiyo Lukasya walikuwa na utaratibu wao. Mzee Tulinagwe, aliyesimamia kila mvuto, alikuwa na koti zito la sufu. Waya ukishakaza kidogo, mzee anavua koti, analitundika juu ya waya, katikati, ili ukikatika koti liuvute chini. Kisha anapaza sauti: "Koti limevuliwa!" Hapo watu wote, wa mbele na wa nyuma, wanapanda ukingoni. Hakuna anayesukuma. Hakuna anayeruka waya. Koti likivuliwa, watu huondoka. Mzee akitetemeka kwa baridi, ujue watu wako salama.

Lakini kuna siku waya ulikatika, koti likachanika, na ncha ikampata Asajile taya hata kule ukingoni. Asajile aliyekuwa besi wa kwaya! Tangu siku hiyo anakunywa uji, na kwaya inaimba kama kuku. Ndipo Tusekile aliposimama mkutanoni.

"Ambakisye mwanangu, hivi huko chuo ulisomea nini? Kutuua kwa mpangilio? Mjini siku hizi wana kamba. Toa huo waya kabla hujatumaliza!"

Watu wakapiga makofi. Ambakisye akashuka mjini, akarudi na kamba ya bluu, nyepesi hata mtoto anaibeba. Muuza duka alikuwa amemwambia, "Bro, toa waya, weka kamba. Hii ikikatika inaanguka tu. Haiui." Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Ambakisye akatoa waya, akaweka kamba.

Ila mdomoni mwa winchi palikuwa na rola za chuma, zile zinazoongoza waya usiende kombo. Kwa miaka yote ile waya ulikuwa umezichimba mifereji, na kingo za mifereji zimekuwa kali kama kifuniko cha kopo. Waya haukujali kingo, chuma kwa chuma. Kamba je? Ambakisye alipitisha kidole, kidole kikatoka damu. Akakinyonya, akasema, "Hizi nitazibadilisha."

Siku zikapita. Magari mepesi yakavutwa, kamba ikavuta. Watu wakaizoea. Wakaiita Isiyoua. Watoto wakairuka. Wanawake wakaipita na ndoo kichwani.

Basi siku ya siku akaja Mhandisi Kiondo wa ofisi ya barabara, kuipokea barabara iliyokamilika. Iliyokamilika, nawaambia! Gari lake likapanda, likapanda, likafika kwenye mwinuko mkali, likazama mpaka sahani za magurudumu. Barabara ikampokea yeye kabla yeye hajaipokea.

Watu wakajaa. Walicheka, kwa nini wasicheke?

"Injinia, malizia mapokezi hapo hapo!" akaita kijana mmoja.

"Mkatieni utepe, jamani!"

Tusekile alikuja na jembe begani na hakucheka. Moyoni alitaka kitu kimoja: huyu bwana afike juu, asimame ukingoni mwa shamba lake, ayaone maji yanavyoingia. Akamsogelea dirishani.

"Karibu, bosi. Ukifika juu usifumbe macho. Pale panapotakiwa mtaro ndipo panapoanzia shamba langu."

"Nitaona kila kitu, mama. First nitoke hapa."

Ambakisye akateremsha kamba, akaifunga. Akatazama mwinuko, akatazama ukubwa wa gari, akakuna kichwa. "Bosi, naomba tufunge kapi kwenye gari lako, na ncha ya kamba kwenye ule mti. Kamba ikizunguka kigurudumu cha kapi mara moja, mzigo unapungua nusu. Ni muda mfupi tu."

"Kijana, nina kikao. Technically hiyo kamba ina nguvu kuliko waya. Injinia hapa ni mimi au wewe?"

"Ni wewe, bosi."

"Basi vuta. Na ninyi mliosimama kama mko kwenye harusi, sukumeni!"

Mzee Tulinagwe alifungua kifungo cha koti. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, baridi inauma mpaka kwenye meno. Vijana wakamcheka.

"Tata, utakufa na nimonia bure! Unalivika koti joka hili la nailoni? Si haiui?"

"Hata mimi nimesikia haiui," akasema mzee, akakirudisha kifungo.

Koti halikuvuliwa. Na kwa kuwa koti halikuvuliwa, "Koti limevuliwa!" haikutamkwa. Na kwa kuwa haikutamkwa, watu hawakuondoka. Tusekile akaweka jembe chini, akaegemeza bega kwenye mkia wa gari pamoja na wenzake, akasukuma. Alisukuma kuliko wote, maana yeye alikuwa na sababu.

Winchi ikaunguruma. Kamba ikakaza. Gari likajinyanyua, likasogea, watu wakashangilia. Kule puani, kwenye rola, uzi mmoja ukakatika, na mwingine, na mwingine. Mara kamba yote ikaachia.

Ikaanguka. Kweli kabisa, ilianguka topeni kama mkanda wa suruali. Haikumgusa mtu hata unywele. Muuza duka hakusema uongo, mhandisi hakusema uongo, vijana hawakusema uongo. Lakini gari lililokuwa limeshikwa na ile kamba likarudi nyuma. Wengine wakaruka. Tusekile aliteleza, na mguu wake ukabanwa kati ya bampa na ukingo.

Kabla maumivu hayajamfikia, kitu alichokisikia ni sauti ya mtazamaji mmoja juu ya mlima, imejaa furaha: "Mmeona? Haijaua mtu!"

Alirudi kutoka hospitali na vyuma mguuni. Akakaa mlangoni, akatazama shamba. Viazi vilitaka kuinuliwa matuta, magugu yalikuwa yamefika magotini. Asipolimiwa wiki zile, mwaka mzima umekwenda, na hana kingine cha kula wala cha kupanda.

Sasa sikieni desturi ya Lukasya. Aliyemvunja mtu kiungo humlimia mpaka asimame. Jembe la aliyeumia hulazwa mlangoni pa mwenye kosa, mlango mmoja tu, si miwili, maana wazee wao walishaona: kosa la wengi ni shamba la magugu. Kila mmoja humsubiri mwenzake aanze.

Baraza likakaa. Mhandisi Kiondo naye alikuwepo, si kwa mapenzi yake; gari lake lilikuwa bado topeni na hakuna mkono uliokubali kuligusa kabla ya baraza. Jembe likawekwa katikati. Tusekile akakalishwa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya kigoda.

Wa kwanza kusimama ni Ambakisye. "Nilitoa waya kwa sababu mlinilazimisha. Nilileta kamba kwa sababu mliitaka. Niliomba kapi nikanyimwa. Ndiyo, rola niliziona. Nilisema nitabadilisha, sikubadilisha. Lakini ni nani hapa aliyeuliza kuhusu rola? Wote mliuliza rangi ya kamba!"

"Kidole chako kilikuambia!" akapiga kelele Asajile, kwa taya lake lililopinda. "Ulitaka uambiwe na kiungo gani kingine? Cha mwenzio?"

Jembe likasogezwa kwa Ambakisye.

Akasimama Mzee Tulinagwe. "Mimi sikuvuta, sikuuza, sikukwama. Koti lilikuwa dawa ya waya. Waya haupo, dawa ya nini? Ukipona homa unaendelea kumeza vidonge?"

Mwanamke mmoja akamjibu kwa adabu lakini bila huruma. "Tata, shikamoo yako iko pale pale. Lakini koti halikuwa la waya peke yake. Sisi tulikuwa tunalitazama wewe ukilivua, ndipo tunapanda ukingoni. Ulipoona baridi, sisi tukabaki nyuma ya gari."

Jembe likasogezwa kwa mzee. Mzee akaliangalia koti lake kana kwamba amevaa la mtu mwingine.

Akasimama Mhandisi Kiondo, akapangusa kiatu. "Ndugu zangu, poleni. Let's be serious. Mimi nilikuwa mtu niliyekwama, naomba msaada. Kamba si yangu. Winchi si yangu. Kwa vipimo, kamba ile ilitosha. Na kiusalama kamba ni bora kuliko waya, dunia nzima inakubali. Sasa kosa langu ni nini? Kukwama?"

"Kukwama kwenye barabara uliyokuja kusema imekwisha!" watu wakaunguruma. "Kukataa kapi! Kutuita tusukume! Mtaro ungekuwepo, tope lingetoka wapi?"

"Mtaro haukuwemo kwenye bajeti. Hilo si langu, ni la ngazi ya juu."

"Ngazi!" akasema Tusekile. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunena, na mwenyekiti akaanza kupapasa miwani. "Kila nikiuliza naonyeshwa ngazi. Sijawahi kumwona mtu aliyesimama juu yake. Ninyi watatu mmesema kweli, nimewasikia, na kweli zenu zote hazijang'oa hata gugu moja. Kutwa mnashindanisha waya na kamba. Waya ulimla Asajile, kamba haikumla mtu, hongereni kamba! Mimi nimeliwa na nini? Na upepo? Ndiyo, nilipiga kelele kamba iletwe. Ndiyo, nilisukuma. Nilisukuma ili huyu bwana afike juu aone shamba langu linavyozama. Kama hilo ni kosa, lipelekeni jembe mlangoni kwangu, nilime kwa makalio!"

Jembe likasogezwa kwa mhandisi. Mhandisi akarudi hatua nyuma, likabaki hewani mikononi mwa mwenyekiti, naye asijue pa kuliweka. Wenye kumtaka Ambakisye walisema yeye peke yake ndiye aliyeijua hatari kwa damu yake. Wenye kumtaka mzee walisema yeye peke yake ndiye angeweza kuwaondoa watu kwa neno moja. Wenye kumtaka mhandisi walisema yeye peke yake ndiye aliyeambiwa njia salama akaikataa. Jua likazama, baraza likavunjika, magugu yakaongezeka.

Na ofisi ya barabara haikukaa kimya, msije mkasema hawana utu. Walituma salamu za pole. Walituma na zawadi kwa kijiji, imefungwa vizuri kwenye nailoni: kamba mpya ya winchi, nene zaidi, kwa usalama wa wananchi.

Haya basi, ninyi mliojibu haraka pale mwanzo. Mmoja aliona makali akaahirisha. Mmoja alisikia baridi akafunga kifungo. Mmoja alikuwa na kikao. Viazi havisubiri rufaa, na mlango unaotakiwa ni mmoja. Je, mngekuwa ninyi mmeshika jembe la Tusekile, mngelilaza mlangoni pa nani?

Nanyi mlioko juu ya ngazi, mnaosikia na kujifanya hamsikii: njooni mchukue kamba yenu. Tumeshavutwa vya kutosha. Chimbeni mtaro!