Teke la Ng'ombe wa Mkuu wa Shule

Habari ya teke haiulizwi kwa mwenye ng'ombe.

Mmeisikia leo mkutanoni, wajukuu zangu, pale mwenyekiti wa kamati ya maji aliposimama na kutuhakikishia kwamba maji yanatoka vizuri. Bibi mmoja wa kule bondeni, ambaye bomba lake limekauka tangu mahindi yalipokuwa machanga, akaitupa methali hiyo kutoka nyuma, watu wakaangua kicheko, mwenyekiti akaketi. Nanyi tangu hapo mnanivuta kitenge: Bibi, imetoka wapi? Kaeni basi, na huyo mwenye simu aizime. Chanzo chake nakijua, maana nilikuwapo, na kilinizeesha kabla ya wakati wangu.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya bweni huku huku kwetu Rungwe. Jioni, baada ya vipindi, nilikuwa na darasa la uandishi wa habari. Tulikuwa na gazeti la ukutani, karatasi kubwa iliyobandikwa kwenye ubao nje ya bwalo, na kila Ijumaa wanafunzi walijazana pale kuisoma wakisubiri chakula. Niliwafundisha maswali ya habari: nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Waliyakariri vizuri mno. Ungewaamsha usingizini wangekuimbia. Ila kuyauliza, hilo hapana.

Mhariri wetu alikuwa Ambwene wa kidato cha tatu, kijana safi, shati limenyooshwa, mwandiko kama wa kwenye kadi ya harusi. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa amesikia hotuba nyingi kuliko umri wake, akaamini kwamba habari ni kitu kinachotoka kinywani mwa mkubwa. Kwake hata mvua haikuwa imenyesha mpaka kiongozi athibitishe.

Sasa mkuu wetu wa shule, Mwalimu Mwaijande, alikuwa na ng'ombe wake wa maziwa aliyefugwa nyuma ya nyumba yake, ndani ya eneo la shule. Alimpa jina Upole. Wanafunzi wa kidato cha pili walipangiwa zamu ya kumpelekea maji. Siku moja tukasikia kelele, tukakimbia, tukamkuta msichana aitwaye Gwantwa chini, ndoo huko, mkono umevunjika. Upole alikuwa amempiga teke.

Hata machozi ya mtoto hayajakauka, mkuu akatangaza kwamba Gwantwa alimchokoza ng'ombe, na kwamba kamati ya nidhamu itakaa Jumamosi kumsimamisha masomo. Kwa mtoto mwingine hiyo ingekuwa likizo ya aibu tu. Kwa Gwantwa ilikuwa mwisho wa shule. Baba yake alikwisha kuapa mbele yetu siku ya kumleta: akirudishwa nyumbani hata mara moja, harudi tena, ataolewa. Na yule mzee hakuwa na mzaha.

Nikamwita Ambwene. Nikamwambia, "Hii ndiyo habari ya wiki. Nenda kaiandike."

Akarudi haraka, uso unang'aa. Nikasoma: "Mkuu wa Shule, Mwalimu Mwaijande, amewataka wanafunzi kuheshimu mifugo. Akizungumza na mwandishi wa habari hizi ofisini kwake, alisema ufugaji ni uti wa mgongo wa maendeleo." Ikaendelea hivyo ukurasa mzima. Chini kabisa, pembeni, ikasema: "Mwanafunzi mmoja alipata maumivu."

"Ambwene," nikasema, "nani alipigwa teke?"

"Gwantwa, Mwalimu."

"Ulimhoji?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nilizingatia itifaki, Mwalimu. Nilianzia juu. Karatasi ikaisha kabla sijafika kidato cha pili."

Nikahesabu pumzi. Nikamwambia karatasi nyingine ipo, arudi akaitafute habari yenyewe. Akaenda. Kesho yake akaniletea makala, ndefu, yenye kichwa kilichopambwa kwa maua: "Upole, Ng'ombe Mwenye Historia Iliyotukuka." Humo mlikuwa na alikozaliwa Upole, majani anayoyapenda, na maneno ya mke wa mkuu kwamba ng'ombe huyo hajawahi kumkosea mtu adabu. Teke lenyewe halikutajwa kabisa.

"Na teke liko wapi, baba?"

"Mwalimu, ulitufundisha makala haifuati haraka ya tukio. Inaingia ndani."

"Ndani ya ng'ombe?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa Alhamisi, kamati inakaa Jumamosi, na huyu ananieleza majani. Nikamshika mkono kama mtoto wa chekechea, nikampeleka chumba cha wagonjwa.

Gwantwa alikuwa ameketi kitandani, amefungwa plasta ngumu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ambwene akasimama wima, akakohoa kikubwa.

"Gwantwa, unatoa wito gani kwa jamii?"

"Wito wa nini?"

"Wa... wa mateke."

Msichana akanitazama. Nikatazama dari. Kuna siku mwalimu anajiuliza kwa nini hakubaki shambani kwao akalima chai.

"Ambwene," nikasema, "una maswali sita. Chagua moja. Lolote."

Akajikuna kisogo. "Haya. Vipi... ilitokeaje?"

"Kaa kwanza," Gwantwa akasema. "Umesimama kama unaimba wimbo wa taifa." Akakaa. "Mimi nilikuwa zamu. Nimeleta maji, nimeinama namimina. Mkuu akaja na yule mgeni anayetaka ndama. Anamsifia ng'ombe: huyu mpole, huyu hata ukimgusa wapi hana neno. Akampiga kofi la makalio, paa! Kumwonyesha mgeni. Ng'ombe akarusha. Mkuu akaruka pembeni, mwepesi huyo! Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake."

"Kwa hiyo hukumchokoza?"

"Kwa mkono upi? Yote miwili ilikuwa kwenye ndoo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mkuu ameulizwa, mke wake ameulizwa, nasikia wewe umeulizia mpaka majani. Mimi nani kaniuliza?"

Tukatoka nje. Ambwene alikuwa amepauka. Akaninong'oneza, "Mwalimu, hii haiandikiki. Mkuu ameshasema."

"Mkuu amesema la kwake, Gwantwa amesema la kwake. Sasa rudi kwa mkuu ukamuulize la Gwantwa. Ndivyo kazi ilivyo."

"Mimi?"

"Hapana, Upole."

Nilimsindikiza. Nikasimama mlangoni, maana nilijua nikimwacha ataishia chooni. Mwalimu Mwaijande akainua uso kutoka kwenye mafaili yake.

"Umerudi? Nani kakutuma?"

"Somo, Mwalimu." Sauti ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga. "Shikamoo, Mwalimu. Gwantwa anasema ulimpiga ng'ombe kofi mbele ya mgeni, ndipo akarusha teke. Naomba kujua unasemaje."

Nikasikia majembe ya wanafunzi bustanini. Mkuu akanitazama mimi. Mimi nikaanza kusoma kalenda yake ya ukutani kwa bidii kubwa.

"Nilimpapasa tu," akasema mwishoni.

"Niandike ulimpapasa?" Ambwene akauliza, na kalamu ikaenda. "Gwantwa anasema ilisikika paa."

"We kijana! Na huyo mgeni, umekwisha kumuuliza?"

"Bado, Mwalimu. Nilizingatia itifaki, nikaanzia kwako. Kutoka hapa ndiyo nakwenda kwake."

Naapa sikumfundisha. Ilimtoka tu, kwa unyenyekevu kabisa. Na mkuu, ambaye hakuogopa plasta ya mtoto, akaogopa mgeni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Usimsumbue mgeni wa watu," akasema. "Andika kikao cha Jumamosi kimefutwa."

Hapo ningemvuta nje nikamshukuru Mungu. Lakini ndiyo kwanza somo langu la tangu Januari lilikuwa linamwingia kichwani, saa hiyo hiyo ya hatari.

"Kwa nini kimefutwa, Mwalimu? Wasomaji watauliza kwa nini."

Nilifumba macho.

"Kwa sababu," mkuu akasema polepole, kila neno likitoka kama jino, "mwanafunzi hakuwa na kosa. Haya, tokeni."

Ijumaa ikabandikwa. Sentensi ya kwanza ilisema: "Gwantwa wa kidato cha pili amevunjika mkono baada ya kupigwa teke na ng'ombe ambaye mkuu wa shule anasema alimpapasa." Wanafunzi waliisoma mpaka chakula kikapoa. Mimi nililipa deni lake: muhula mzima nilipangwa zamu ya Jumapili, na kila nilipouliza niliambiwa ratiba ndivyo ilivyoangukia. Lakini Gwantwa alibaki shuleni, akafanya mtihani wake kwa mkono mmoja, akafaulu. Tena akajiunga na darasa langu la jioni, plasta na yote, akachagua dawati la nyuma.

Mngedhani Ambwene ameelimika. Hata mimi nilidhani. Wiki iliyofuata maharage yakaungua, shule nzima ikalala na njaa, nikamtuma aandike. Akaja na shati lake lililonyooka, akasimama mbele ya darasa, akasoma: "Mpishi Mkuu, akizungumza na mwandishi wa habari hizi jikoni kwake, amesema maharage ya Jumanne yalikuwa matamu na yaliiva vizuri..."

Nikalaza kichwa mezani. Nilikuwa sina nguvu hata ya kugomba. Na hapo, kutoka dawati la nyuma, nikaisikia sauti ya Gwantwa, bila haraka, kama mtu anayemfundisha mdogo wake kufunga kamba za viatu:

"Ambwene, kaka yangu. Habari ya teke haiulizwi kwa mwenye ng'ombe."